Dada, Wewe Ndiye Baraza

Kwako dada yangu,

Naomba barua hii ikukute umekaa. Nakujua wewe, barua zangu unazisoma umesimama mlangoni huku sufuria inaungua jikoni. Safari hii vuta kiti. Hujambo? Na shemeji mgongo wake unasemaje? Mwambie ile dawa ya kuchua aliyonipa niliipaka magotini kama alivyoagiza. Magoti hayakupona, ila mlinzi wetu alihamisha meza yake kwa sababu ya harufu. Mimi ni mzima, kwa kadiri mtu wa umri wangu anavyoweza kuwa mzima: nikikaa nasikia raha, nikiinuka nasikia mifupa. Uchovu ndio ninaoishi nao nyumba moja. Naamka nao, naoga nao, tunakwenda kazini pamoja, na nikirudi jioni naukuta umeshatangulia kitandani.

Ujumbe wako niliupata. Umesema yule mwalimu wa chekechea unayetaka nimwoe, mdogo wake jirani yako, wazazi wake wameshaambiwa na wameridhika, na Jumapili ijayo nije nimenyoa, nikae sebuleni kwao nitazamwe. Umesema ana afya, hajui hata kuumwa kichwa. Nimesikia, na nitakujibu humu humu. Ila usiruke mistari kulitafuta jibu, tafadhali, kwa sababu lina mlolongo wake, na ukilidaka katikati utasema mdogo wako kapata wazimu. Mlolongo wenyewe unaanza hivi: nimesoma kitabu.

Cheka, halafu uendelee. Najua wewe ndiye uliyekuwa ukinisomea masomo ya shule nikiwa nimelala na mdomo wazi. Tangu hapo nimesoma maandishi ya kwenye mashine na matangazo ya misiba, basi. Sasa mtu huyo huyo amesoma kitabu kizima cha mapenzi, tena walichoandikiwa watoto wa sekondari, tena amelia machozi ya kweli.

Unalijua jengo letu la ofisi, uliliona siku ile ulipokuja ukakataa kupanda lifti. Ulikuwa na akili. Zipo mbili, na sikumbuki siku ambayo lifti zote mbili zilikuwa nzima kwa pamoja. Watu wanadhani fundi wa lifti anapanda lifti. Fundi wa lifti anapanda ngazi, dada, maana anaitwa lifti ikishakufa, na mota iko juu ya paa. Napanda na sanduku la spana, napumzika kila orofa, na makarani wakinikuta nimekaa ngazini wananipa pole kana kwamba nimefiwa.

Kitabu kiliachwa ndani ya lifti na mtoto wa shule aliyekuja na mzazi wake kushughulikia mambo yao. Kikakaa mapokezi, hakuna aliyekiulizia. Bomba lilipopasuka kikalowa chapachapa. Mfagizi wetu, ambaye tunamwita Kimbunga kwa jinsi anavyofagia mpaka vumbi linaomba radhi, akaniletea juu kwenye chumba cha mota nikikaushe, kwa kuwa kule kuna joto. Kilikauka kweli, lakini gundi yote iliachia. Jalada likabaki mkononi mwangu kama gamba, halina hata jina lililosomeka, na kurasa zikatoka mafungu mafungu, zimeoza pembeni palipokuwa na namba. Mtu mwenye busara angekitupa. Mimi nikasema fundi ni fundi. Nikapanga mafungu kwa kukisia, nikayatoboa, nikayafunga kwa waya. Yakatoka mafungu sita. Kwa kuwa hakikuwa na jina, tulikipa jina sisi wenyewe, Kitabu cha King'ora, na hadi leo hatumjui aliyekiandika.

Kwa kuwa kilikuwa mafungu, hakikuhitaji msomaji mmoja. Kimbunga akimaliza fungu la kwanza anampa mlinzi, yule mstaafu wa jeshi tunayemwita Afande, Afande ananipa mimi, mimi nampelekea Bi Simu. Bi Simu ndiye anayepokea simu zote za jengo na kuziunganisha. Anakaa kwenye kichumba chake nyuma ya mapokezi na hedifoni kichwani, kila mtu anaijua sauti yake na wachache wanaijua sura. Tukaweka sheria kwamba atakayemwambia mwenzake yaliyo mbele atawachemshia wote chai wiki nzima. Afande alichemsha wiki mbili mfululizo.

Sasa sikia hadithi yenyewe. Kuna mji umezungushiwa ukuta, na ndani yake linatawala Baraza. Kijana akitimiza umri, king'ora kinalia juu ya mnara, vijana wote wa rika lake wanakusanyika uwanjani, na Baraza linasoma nani ataoana na nani. Hawaulizwi. Yupo binti mmoja mkaidi, kapangiwa mtoto wa mkuu wa jeshi, kijana mzuri ambaye sisi tulimpa jina la Macho Makali, kwa sababu mwandishi hakuweza kumaliza ukurasa bila kuyataja macho yake. Lakini huyo binti moyo wake uko kwa mwingine, kijana mkimya, mikono ina grisi, kazi yake kupanda mnara kukitengeneza king'ora kikiharibika. Yaani anakitengeneza chombo kile kile kitakachomnyang'anya mpenzi wake!

Unajua nilikuwa upande gani. Afande aliniuliza kama kitabu nimekiandika mimi. Yeye alikuwa upande wa Macho Makali, akidai kijana mwenye nidhamu hakosi mke, na Kimbunga akamwambia kwamba ndiyo maana yeye mkewe anamfungia mlango. Tulibishana kila chai. Wazee wazima, mmoja ana wajukuu, tunagombea mchumba wa mtoto wa watu wa kwenye karatasi. Siku moja mkurugenzi alikwama kwenye lifti mimi nikiwa nimekaa ngazini na fungu la tatu, binti anachungulia mnara. Bi Simu akanipigia na kuniambia nisihangaike kukimbia, mkurugenzi ana nafasi nzuri ya kutafakari maisha yake, nimalize tu ukurasa. Nikamaliza.

Kisha likaja fungu la nne, na ndani yake yule fundi alianguka kutoka mnarani akafa. Wakamzika. Dada, nilishindwa kula. Kimbunga alikuwa amefagia orofa nzima huku anafuta macho na sisi hatujui ana nini. Halafu tukafungua fungu la tano, na fundi yupo juu ya paa anacheza muziki na binti, hana hata mchubuko!

Kimbunga alisema amefufuka, mapenzi yana nguvu. Afande alisema ana pacha, akatutajia mahali kwenye fungu la kwanza ambapo mama yake fundi alishusha pumzi nzito, akasema mwanamke hashushi pumzi vile kwa mtoto mmoja. Mimi nikasimama kama wakili. Nikawaambia mwandishi mzuri hafafanui kila kitu, mtu aliyependwa kiasi kile haiwezekani ardhi ikamkubali, someni kwa moyo. Nilitamba nalo siku nzima. Nilipanda ngazi zote bila kupumzika hata orofa moja, kwa furaha tu kwamba fundi wangu amerudi.

Bi Simu hakubishana. Alinipigia chumba cha mota akaniuliza kwa upole kama na lifti naziunganisha kwa utaratibu ule ule niliounganisha kitabu, ili kuanzia siku ile yeye awe anatumia ngazi. Nilikuwa nimepanga fungu la tano mahali pa la nne. Kwanza walicheza kwenye paa, ndipo akaanguka. Hakufufuka mtu. Nikamuuliza amejuaje, akakiri kosa: fungu la sita analo yeye, alilichukua kabla ya mtu yeyote, kwa sababu hawezi kusoma hadithi asiyoijua mwisho. Alisema maishani ameshushwa ghafla mara nyingi na kitabuni hataki. Basi fundi amekufa kweli, nikasema. Akaniambia nije kwake Jumamosi mchana nilisome hilo fungu mwenyewe, hayo si mambo ya kuambiana kwenye simu.

Nilikwenda. Anakaa juu ya duka la cherehani, chumba na sebule, kila kitu mahali pake, viti viwili na meza ya kupigia pasi katikati. Miaka yote alikaa hapo na mama yake mgonjwa, mpaka mama alipofariki. Alinimiminia chai, akaniwekea fungu la sita mezani, akaendelea kupiga pasi bila kunitazama, ili nisione haya.

Fundi harudi, dada. Binti anapanda mnara peke yake siku ya kutajwa majina, anaikata waya ya king'ora. Uwanjani vijana wanasubiri, king'ora hakilii. Hawajui wafanye nini. Hawajawahi kwenda mahali bila kuambiwa. Wanasimama, wanatazamana, na baada ya muda mrefu mmoja anaanza kutembea, anapita katikati ya watu wote mpaka kwa mwenzake anayemtaka. Halafu mwingine. Wengine wanabaki wamesimama peke yao, na mwandishi hawacheki. Basi, kitabu kimeisha.

Nililia. Sikulia ya kitabu peke yake, nadhani unaelewa, nilimlilia marehemu mke wangu, nikalilia na ngazi za hospitali. Bi Simu alinipa kitambaa alichokuwa anakipiga pasi, bado kina moto, akasema mwisho huo haumridhishi hata kidogo, maana waya ikikatwa leo kesho wataleta fundi mwingine aiunge. Nikamwambia fundi gani huyo ataunga waya ya mnara kwa siku moja, na spea aipate wapi. Akasema hilo nalijua vizuri kuliko mtu yeyote, maana lifti namba mbili inasubiri spea tangu yeye ana nywele nyeusi. Tukabishana mpaka chai ikapoa na yeye akaunguza shimizi. Nilipoinuka kuondoka ndipo magoti yalipouma, nikagundua mchana kutwa sikuyakumbuka. Tangu marehemu aondoke, sijawahi kubishana na mtu jambo lisilohusu lifti.

Njiani nikakuwaza wewe na Jumapili yako, nikacheka peke yangu barabarani. Dada, wewe ndiye Baraza. Una kila kitu isipokuwa king'ora, na hicho nacho shemeji atasema sauti yako inatosha.

Nakutania, lakini hapa kitabu na mimi tunaachana njia. Kitabu kinasema Baraza ni watu wabaya. Mimi siwezi kusema hivyo. Wazazi walipotutoka ulikuwa bado msichana, ukanilea, na nilipofika umri ukaniambia nyoa, twende, kuna watu wanatusubiri. Nikanyoa. Nikakaa sebuleni kwa watu nikitazama viatu vyangu. Ukanichagulia mke, na hukukosea. Alikuwa mcheshi, alikuwa ananijua nikikohoa tu kwamba nina neno. Alipougua nilimpikia, nilimwogesha, nilimbeba mgongoni kushuka naye ngazi za hospitali siku ambazo lifti yao, tena si yangu, haikufanya kazi. Nilichoka mno. Sikujuta siku hata moja. Na nadhani niliweza kwa sababu nilikuwa najua kila kilichomchekesha.

Sasa umenitafutia mwalimu. Nimefikiri kwa nini umemchagua, na nimeona umefikiria kama mama: mdogo wangu anazeeka, magoti yamekwisha, nani atamshika? Umenitafutia mtu mwenye nguvu. Dada, umenitafutia muuguzi. Yule binti ni mdogo kwangu kwa umri wa mtu mzima. Nitamchukua akiwa na afya yake yote, na miaka yake mizuri ataitumia kunipandisha na kunishusha. Mimi nimeifanya kazi hiyo, naujua uzito wake mpaka kwenye nyonga. Si kazi ya kumpa mtu ambaye sijui hata kinachomchekesha. Hajanikosea kitu.

Kwa hiyo jibu la Jumapili ni hapana. Umeliona? Nimeliandika. Sijawahi kukuambia neno hilo tangu nizaliwe, sina mazoezi nalo.

Na kuna jingine, ndilo hasa lililonifanya nikuambie uvute kiti. Nimeshamwambia Bi Simu.

Sikwenda na maua wala sikupiga goti, goti nikipiga nani ataniinua. Nilikwenda kwenye kichumba chake wakati wa chai, nikasubiri amalize kumuunganisha mtu na uhasibu, nikakaa. Kwa kuwa yeye anataka mwisho kwanza, nikaanza na mwisho. Nikamwambia mwisho wa jambo ninalotaka kumwambia ni kwamba mmoja wetu atamzika mwenzake, haijulikani nani, na kabla ya hapo kutakuwa na magoti, dawa, na kuulizana miwani iko wapi. Hakushtuka. Aliivua hedifoni, simu zikawa zinalia tu, akaniuliza katikati kuna nini. Nikasema katikati sijapaona, kurasa zake zimeshikana. Alicheka mpaka Afande akaja kuchungulia. Kisha akasema mwisho huo angalau ni wa kweli, hana ugomvi nao, na yuko tayari kupasoma hapo katikati taratibu.

Lakini akaweka sharti, na sharti hilo liko mikononi mwako. Nilimweleza habari zako zote, na habari za Jumapili pia sikumficha. Akaniambia yeye hataingia kwenye ukoo kupitia dirishani. Akasema mwanamke aliyemlea mtu tangu mdogo hapitwi kama mlinzi aliyesinzia, na kama wewe utanuna, basi tutabaki kubishana vitabu mpaka tustaafu na itatosha. Nilijaribu kumwambia wewe ukinuna unanuna siku mbili tu. Akasema hizo siku mbili zipite kwanza.

Ana miaka karibu sawa na yangu. Hana mtoto. Presha anayo, anameza vidonge vyake asubuhi. Kwenye mizani yako najua mwalimu anashinda kila kipengele. Lakini mimi nimechoka, dada, na yeye amechoka, na tukikaa wawili uchovu ule hauna haja ya kufichwa wala kuelezwa. Mtu mwenye nguvu atanitaka niinuke. Huyu ananiambia kaa, kisha anakaa na yeye.

Jumapili nitakuja kama ulivyopanga, na nitakuwa nimenyoa. Twende wote kwa wazazi wa mwalimu, nikae sebuleni kwao, na maneno niyaseme mimi kwa mdomo wangu. Nitawaambia binti yao hana kasoro, nitawaambia mtu mzima mimi nilichelewa kusema na dada yangu akapanga kwa nia njema. Usinisemee, na usiwatangulie kuwaambia naumwa au nimepata uhamisho. Najua umetoa neno lako pale, na majirani wanakuheshimu. Aibu yake ni ya kwangu, niachie niibebe mwenyewe, nimebeba vizito zaidi kwenye ngazi.

Halafu tukitoka hapo uniambie la moyoni mwako. Ukisema nimlete, nitamleta Jumapili inayofuata, na nakuonya atakuuliza kila kitu kwa sauti hiyo ya simu mpaka utamjibu na ya siri. Ukinuna, nuna. Nitarudi peke yangu kila Jumapili, nikae jikoni kwako nikikutazama unavyonuna, mpaka uchoke. Na katika kuchoka, dada yangu, hujapata bado mtu wa kushindana naye kama mimi.

Msalimie shemeji, na jirani yako mnong'oneze kwamba nitakuja na heshima zote. Kimbunga na Afande wanakusalimu, wao wameshajua, jengo lile halina siri. Bi Simu hakusalimu. Amesema salamu yake ataitoa mwenyewe, kwa mdomo wake, siku utakayomwambia karibu.

Ni mimi mdogo wako, niliyelelewa na wewe na bado nakuogopa,

Fundi